Chumba cha Bibi Nakiete

Milimani Upare, kila mtoto aliyeandikishwa shule, nyumba yao ilitoa chumba kimoja cha kuoteshea uyoga. Uyoga huo ndio uliowalisha wanafunzi na kuwalipa walimu. Wana wawili wa Nankondo walikwisha kuchukua vyumba viwili. Mtoto wake wa tatu, Namsifu, alipotimiza miaka sita, kilibaki chumba cha mama mkwe wa Nankondo, Bibi Nakiete, aliyekuwa akiumwa kifua.

"Mama, hatuna namna nyingine," Nankondo alimwambia.

"Mtoto asome," bibi alijibu, akatafuta ndala zake kwa miguu.

Walimhamishia banda la jiko, kando ya mafiga. Mwalimu alipotundika mifuko ya mbegu za uyoga katika chumba cha bibi, madirisha yalijifunga yenyewe, kuta zikaanza kutoa ukungu, na sauti laini darini ikasema, "Hongera kwa familia hii." Nankondo hakuona furaha wala uchungu. Alikwenda kusonga ugali.

Wiki ya tatu bibi alifariki kule kwenye moshi. Mlango wa chumba chake haukuweza kufunguka kabla ya mavuno, kwa hiyo maiti ililazwa uani chini ya turubai, mvua ikinyesha. Majirani walielewa. Kwao pia ilikuwa hivyo.

Siku chache baada ya mazishi, Namsifu alirudi kutoka shule, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha bibi na kufuata kwa kidole maandishi yaliyobandikwa hapo.

"U-si-fu-ngu-e. Mama, nimesoma!"

"Umesoma vizuri, mwanangu," Nankondo alisema, akaendelea kuosha vyombo.