Majani Yakishachujwa

Neno lilimfikia Igoki sokoni Gakoromone akichagua njahi, yale maharagwe meusi, na tangu hapo halikumtoka. Alilala nalo, akaamka nalo, akalikuta limekaa jikoni kama mgeni asiyeaga.

"Mama Carol, mimi sisemi," Nelius wa vitunguu alikuwa amemwambia, na Nelius akisema hasemi, tafuta pa kukaa. "Lakini shemeji yangu Kaimenyi ndiye bawabu kwa hicho chuo cha Embu. Amesikia walimu wakiongea, mlango ukiwa nusu wazi. Carol wako amechanganyikiwa. Na mwalimu wake, huyo Njue, amemchuja."

"Amemchuja vipi?"

"Kuchujwa ni kuchujwa, mama. Wa kubaki anabaki, wa kutupwa anatupwa."

Igoki aliziacha njahi palepale. Dada yake mkubwa alichanganyikiwa akiwa na umri huohuo wa Carol, akafa akiokota karatasi Makutano huku watu wakimcheka. Na simu ya Carol ilikuwa imezimwa, sasa siku ya nne.

Angeweza kungoja. Angeweza kutuma mtu aulize vizuri. Lakini yeye aliishia darasa la saba, na msichana wake alikuwa amefika mahali ambapo hata walimu wake wa sekondari ya Kaaga hawakupaelewa, mambo ya vidude vinavyorusha sauti hewani. Mtu akikuchujia mtoto wa namna hiyo, huulizi. Unalipiza.

Alhamisi alipika chai ya maziwa, akaijaza kwenye chupa, akafunga chapati, akateremka Embu. Hakuanza kwa kumtafuta Carol. Alijua akimwona mtoto katika hali hiyo atalia, na mtu anayelia hawezi kulipiza. Kwanza adhabu, mtoto baadaye.

Getini Kaimenyi hakumjua. Alichungulia kikapu tu. "Mama wa chai, peleka karakana ya mwisho. Mwalimu Njue akiona chai ni kama ng'ombe wa ukame wa Mbeere ameona mto."

Njue alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Igoki alimwangalia shingo.

"Zima simu kwanza, mama," Njue alisema. "Humu ndani hakuna simu inayowashwa. Zinatuharibia kazi."

Akazima. Mezani boksi la katoni lilikuwa limefunika kitu. Njue aliliinua taratibu, kama mtu anayemwondoa kuku aliyelalia mayai, akaliweka kando. Chini yake palikuwa na kibao chenye nyaya, na katikati ya kibao kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya njahi.

"Hicho ni nini, mwalimu?"

"Hiyo ndiyo roho ya hii karakana. Mchoro ulitoka hapa, kikatengenezwa ng'ambo, kikarudi kimoja tu. Miaka mitatu, mama. Kesho wageni wanakuja, na wazazi; leo jioni tunawapigia simu. Kikiharibika leo, tumekwisha."

"Na kinafanya nini?"

Njue alicheka. "Kinafanya kama wewe na chai yako. Sauti ya mtu haifiki mbali, lazima uichanganye na mawimbi ya kasi yaibebe. Lakini ukichanganya, inazaa takataka, kwa hivyo lazima uchuje. Watu wote wanachanganya kwa sufuria moja, wanachujia kwa ingine. Hiki kinachanganya na kuchuja palepale."

Kuchanganya. Kuchuja. Aliyatamka kwa tabasamu, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Igoki aliiweka chupa mezani, karibu na kibao.

"Na yale majani, mwalimu? Ukishachuja?"

"Majani yakishachujwa yana kazi gani tena? Si ni ya kutupwa?"

"Ni ya kutupwa," Igoki alisema polepole.

"Nimiminie vikombe viwili, mama. Wacha niite mwenzangu, tangu jana hajatia kitu tumboni."

Akatoka.

Igoki hakumimina vikombe viwili. "Umemwaga mboga, mwalimu," alisema, "nami namwaga ugali." Akafungua chupa na kuimwaga chai yote juu ya kibao, maziwa na tangawizi. Kibao kilitoa cheche, kikanuka kama nywele zilizoungua. Haikumtosha. Akaigeuza chupa, akakiponda kile kidude cheusi kwa kitako chake, akaponda tena, mpaka kikawa unga ndani ya chai. Tangu siku ya Nelius, hapo ndipo alipopumua mpaka chini.

Miguu ilisikika nje ikija, ya watu wawili. Akalishika boksi haraka ili alifunike lile tope. Ubavuni mwa boksi palikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa mkono. Ile herufi g yenye mkia mrefu aliijua. Ndiye aliyeifundisha, kwa makaa, sakafuni jikoni kwake. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyozoea.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiwashe simu humu ndani.

Usiguse kwa mkono uliolowa.

Usiache boksi wazi ukitoka.

Usilete chai karibu. Hata wewe, mwalimu.

Ijumaa mama yangu akija, usimwambie ni nani aliyeweza kuchanganya na kuchuja mahali pamoja. Nitamwambia mwenyewe. Carol.