Mguu Mmoja wa Suruali

Nilipofungua kasha la mama ili tumvalishe, nilikuta suruali yake ya kuzikiwa ina mguu mmoja tu.

Aliitarizi maua kwa miaka sita, kwa upande wa nyuma wa kitambaa kama tunavyotarizi sisi Wamien, ili mababu wakiyaona maua wamjue kuwa ni wa kwao. Mguu wa pili ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Naai!" nikamfokea wifi yangu mbele ya waombolezaji. "Umewauzia wachuuzi wa mjini, siyo?"

"Mimi, wifi?" Alikuwa amebeba beseni la maji ya kumwoshea marehemu. "Mimi niguse nguo ya kuzikiwa mama?"

"Nani mwingine alikuwa akiishi naye? Mwizi mkubwa wee!"

Mtoto akashtuka mgongoni mwangu, akaangua kilio. Naai alitua beseni, akaja kumbembeleza. Mara nikausikia mkono wake umesimama.

"Hii mbeleko alikupa nani?"

"Mama. Nilipojifungua."

"Ulipojifungua mama alikuwa haoni hata tundu la sindano. Angeitarizi vipi?"

Nilivuta pembe ya mbeleko mbele na kuupindua upindo wake. Ndani mlikuwa na nusu ya ua jekundu, limekatwa katikati. Nikaishika suruali kwa mkono mwingine. Nusu ya pili ilikuwa pale, penye alama ya mkasi.

Nje, wabeba jeneza waliuliza kama tumemaliza.

Nilifungua fundo kifuani. Mtoto akaing'ang'ania mbeleko kwa mikono yote miwili.