Mzee Klachi na Kijigari cha Mjukuu

Kijigari kililia hata kabla hakijaumaliza mtaa wa kwanza.

"Umesikia?" Mzee Klachi alimwambia binti aliyekaa kando yake na daftari mapajani. "Hatujafika popote, tayari kinalia. Andika hilo."

Binti aliandika.

Mzee aliijua kazi hii. Kwa miaka ishirini na sita alijaribu magari na kuyaandikia gazetini kila Jumamosi, na wauzaji walikuwa wakikosa raha wakimwona anaingia dukani. Jina la Klachi alilipata kwa kusema kwamba asiyejua klachi si dereva, ni abiria aliyekosea kiti. Alikwisha kustaafu, ila nyumbani neno lake bado halikuwa na rufaa. Mjukuu wake, muuguzi mpya anayeingia kazini alfajiri upande wa pili wa mji, alikuwa amekipenda kufa kijigari hiki. Baba yake akamwambia: "Hatununui mpaka babu yako akiendeshe. Nitaleta mtu akae naye, aandike kila kitu."

Mzee alifurahi, ingawa hakuonyesha. Ulikuwa umepita mwaka mzima hajaulizwa maoni yake juu ya chochote.

"Babu, kona hiyo," mjukuu alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Naiona, mke wangu. Nimeikata kona hii baba yako akiwa bado ananyonya."

Kijigari kililia tena, mara mbili, na kitaa chekundu kikawaka kwenye kioo cha pembeni. Mzee alikitupia jicho kioo. Barabara ilikuwa tupu. Akahamia upande wa pili. Papo hapo pikipiki ikachomoka ubavuni, mwenyewe akipiga honi na kutukana kizazi kizima.

"Vijana," Mzee alisema. "Wanatoka ardhini kama kumbikumbi."

Akaendelea kukichambua kijigari kama mtu anayenyonyoa kuku. "Tazama. Wamekinyanyua miguu kionekane dume, ndani wametia injini ya cherehani. Buti lenyewe, mfuko wa unga uingie kwa kuomba radhi. Skrini kama ya sebuleni! Mnaendesha au mnatazama tamthilia? Na usukani huu, nikitulia tu unanivuta, kama mke mwenye wivu."

"Unakuvuta wakati gani, Mzee?" binti aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Wakati wote. Barabara imenyooka, mimi nimenyooka, wenyewe unavuta."

Binti aliandika mistari mitatu. Mzee alimpenda. Siku hizi watu wanaosikiliza ni wa kutafuta kwa tochi.

Kiti alichokalia binti yule, katika magari yote ya Mzee, kilikuwa cha marehemu mkewe. Hakujua chochote cha magari, lakini hakuacha kusema. "Mh, kuna mtu." "Mh, taa hiyo, baba." Miaka ya mwisho hakunyamaza hata dakika moja, na Mzee alimcheka kwa uoga wake. Tangu azikwe, safari zilikuwa kimya mno. Leo kijigari kilikuwa kikiguna kwa sauti ya bati, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote: mashine kujifanya mke wa mtu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema.

Mbele ya shule, breki ilijikanyaga yenyewe. Kijigari kilisimama kwa kishindo, mikanda ikawabana vifua. Kule nyuma mjukuu alipiga ukelele.

Mzee alikaza macho mbele. Lami, na mng'ao wa jua. "Hakuna hata kuku!" aliunguruma. "Hiki kinaona majini. Umekisikia, mke wangu? Siku umechelewa zamu, chenyewe kitasimama kumpisha jini."

Mjukuu alikuwa ameuficha uso kwa mikono yote miwili. Ameona haya, Mzee aliwaza, na moyo ukamwuma kidogo, maana alijua alivyokitamani. Lakini mtu akiwaficha ukweli damu yake mwenyewe, atamwambia nani?

Walipoingia uani, mwanawe alikuwa amesimama akiwasubiri. Mzee alizima injini, na hata kabla ya kushuka akatoa hukumu.

"Kina kelele. Kina uoga. Kinamnyang'anya mtu usukani, na kinaona visivyokuwepo. Mjukuu wangu hapandi takataka hii."

Mwanawe hakumtazama. Alimtazama binti. Binti alichana ukurasa kwenye daftari, akamnyooshea.

"Lete kwangu kwanza." Mzee aliupokonya kabla haujapita dirishani. "Maneno yangu nayasahihisha mwenyewe. Vijana hamjui kuandika."

Akausogeza ukurasa karibu na pua, akaupeleka mbali, akaurudisha. Kisha akaupitisha nyuma.

"Miwani nimeiacha ndani. Nisomee, mke wangu. Kwa sauti, baba yako asikie."

Mjukuu alimtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa, polepole.

"'Dereva, miaka sabini na tisa,'" alisoma. "'Amevuka mstari wa barabara mara kumi na moja. Hakuiona pikipiki. Hakumwona mtoto kwenye kivuko. Gari lilisimama lenyewe. Leseni yake isihuishwe.'"