Upawa wa Bi Zamda

Jumamosi asubuhi Bi Zamda alifunga aproni ya chama, akashika upawa, akawasubiri wenzake mlangoni. Kwa miaka ishirini walikuwa wakiwapelekea wagonjwa uji majumbani, ila tangu maumivu ya mguu yamshike hakuwa ametoka nao.

Walipofika, sufuria ya uji aliibeba Tunu, mwanachama mpya.

“Leo tunaanzia kwa nani?” Bi Zamda aliuliza, akijikongoja kutoka.

Wenzake wakatazama chini. Tunu akatua sufuria kizingitini.

“Shikamoo, bibi. Tumeanzia kwako.”

Bi Zamda akaketi, akachovya upawa wake, akaonja.

“Marahaba. Una mabonge huu.”

Tunu alinyoosha mkono aupokee upawa amtilie kikombeni. Bi Zamda akaukumbatia kifuani, uji ukichuruzika kwenye aproni.