Safu ya Chini Kabisa

Weris alilowesha ncha ya shela yake kwa mate, akamsugua bintiye wino puani. Wino haukutoka. Kila Kaaha alipotoka dugsi, madrasa yao ya Kurani, pua yake ilikuwa nyeusi tititi, maana ubao wake wa aya aliusoma akiwa ameubandika usoni.

"Simama wima," mama alimwambia. "Leo usinitie aibu. Ukimjibu daktari vizuri, atakupa miwani. Umesikia?"

"Nimesikia, hooyo."

"Na ukipata miwani, shule hutoki. Baba yako amekula kiapo."

Kaaha akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na miaka tisa, mtoto mtiifu mpaka inaudhi.

Kiapo chenyewe kililetwa na fisi. Fisi huyo aliingia katikati ya mbuzi mchana kweupe, na Kaaha, mchungaji wao siku hiyo, akamtazama tu akidhani ni punda wa jirani. Ogle, baba mtu, alisema huo ni uvivu, na kwamba shule ndiyo iliyomharibu. Mwalimu Daud akamtetea mtoto: haoni ubao wa darasani, apelekwe kwa madaktari wa macho watakapopita hapa Kutulo.

Ogle alicheka. Dugsi si ndiyo hiyo, na mtoto si ndiye wa kwanza? Maalimu akisoma aya, yeye ameshaishika. Kipofu gani huyo? Lakini aliapa mbele ya wazee: madaktari wakisema macho ni mabovu, Kaaha atabaki shuleni. Wakisema ni mazima, kesho yake ataondoka kwenda porini kuchunga mbuzi wa ayeeyo, bibi yake, na habari ya shule imekwisha.

Weris hakuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyemwona mtoto akikunja uso ili ajue anayeingia mlangoni ni baba yake au ni mgeni. Macho yalikuwa mabovu, na leo watu watajua.

Walichelewa kufika shuleni, wakawa wa mwisho mstarini. Ukutani kwa nje ya darasa palikuwa na karatasi kubwa ya herufi: za juu nene, za chini ndogo kama sisimizi. Muuguzi, mama wa bara aliyechoshwa na jua, aligusa kila herufi kwa fimbo, na watoto wakazitaja kwa sauti mmoja baada ya mwingine. Aliyekosea alisahihishwa, kisha akaingizwa chumbani kwa daktari. Mle ndani mtoto mmoja alipiga yowe, pengine kwa dawa ya matone. Kaaha aliruka kidogo, akaushika mkono wa mama yake.

Askari waliosindikiza gari la madaktari walikuwa wakitazama jua. Siku zile barabara hiyo haikupitwa jioni, kwa ajili ya majambazi.

Zamu ya Kaaha ikafika. Alisimama mguu pande, mikono nyuma, kidevu juu. Muuguzi akamziba jicho moja. Kaaha akasoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila hata kuingoja fimbo, akateremka mpaka safu ya chini kabisa ambayo wachache tu waliifikia. Likazibwa jicho la pili. Mambo yakawa yale yale.

Muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu ana macho ya tai! Mama, mtoto wako hana shida."

Weris akamsogelea. "Hapana, mama daktari. Hii mtoto haoni mbali, wallahi. Fisi imekula mbuzi yeye akiangalia. Angalia tena fizuri."

"Nimeangalia yote mawili, mama."

"Tafadhali. Baba yake..."

"Twende!" askari aliita. Muuguzi alikwisha kuibandua karatasi na kuikunja. Weris akamshika mkono, na yule mama akajitoa polepole, bila ubaya. Gari likaondoka na vumbi lake. Huenda lingerudi mwakani, huenda lisirudi kabisa.

Ogle alikuwa langoni mwa shule, na habari zilikuwa zimemfikia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomvunja mkewe.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Kesho asubuhi." Akashika njia ya msikitini. Kiapo cha mbele ya wazee, nani angekitengua? Weris hakuwa na ndugu wa kiume pale Kutulo wa kumtuma amsemee.

Hasira yake ilikosa mtu mzima wa kumwangukia, ikamwangukia mtoto. Alimburuta mpaka pale aliposimama kupimwa.

"Kumbe unaona! Mbuzi wanaliwa, na wewe unaona! Umenidanganya miaka yote!"

"Sikudanganya, hooyo."

"Umesoma mpaka herufi za chini! Nimesikia kwa masikio yangu haya!"

"Ndiyo, nimesoma." Aligeuka, akaweka mikono nyuma na kuinua kidevu, akaanza tena kutoka safu ya juu. Hakukwama popote. Alisoma kwa sauti ya dugsi, akivuta pumzi kila mwisho wa safu, mpaka akaimaliza ya chini kabisa. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu.

Kisha akamtazama mama yake, machozi yakimlengalenga.

"Nimekosea wapi, hooyo, hata wakaninyima miwani?"