Nyuma ya Kengele Kubwa

Nilijibanza kwa heshima zote nyuma ya kengele, juu ya lango la kale la Bordeaux, nikiwasubiri wenzangu wa bweni ili niwatishe. Badala yao, nikasikia mlango wa ngazi ukifungwa kwa ufunguo.

Nikachungulia. Rafiki yangu Gaspard alikuwa barabarani, chini yangu, pamoja na wenzetu.

"Gaspard! Nimefungiwa! Mwite mwenye funguo!"

"Jana ulikufa bafuni, leo umefungiwa," alinijibu. "Pole sana, marehemu."

"Naapa kwa mama yangu!"

"Yule uliyemzika juzi ukakwepa mtihani?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Lakini wapita njia walikuwa wamesimama, wote wakitazama juu. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu, akamziba masikio kwa viganja viwili.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana. Hata paka wa Bordeaux wanajua kwamba saa hiyo kengele hupigwa.

"Gaspard, tafadhali," nilisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Upepo baridi ukanipuliza shingoni. Nikageuka. Kengele, nzito kuliko lori, ilikuwa imeshaanza kuinama upande wangu, bado kimya.