Ahadi ya Seneta Gowen

Haya nilisimuliwa na Bi Zilpha Gowen mwenyewe, msimu wa kumenya tufaha, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili. Mumewe alikuwa ameshazikwa, ndiyo maana alithubutu.

Asahel Gowen alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, watu wakamchagua kuwa seneta wa jimbo letu la Maine. Mti akiutazama tu, alijua utatoa mbao ngapi. Kusoma hakujua. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Barua zote Gowen alizitia mfukoni, jioni Zilpha akamsomea.

Siku moja Seneti ilikuwa inapigia kura mswada wa bwawa. Likijengwa, maji yangefunika bonde la kwao, na makaburi yake, na binti yao Lovina aliyelala humo. Pande mbili zilikuwa karibu sawa. Kura zikilingana, mswada umekufa.

Lakini Gowen alikuwa amefungwa. Mzee Larrabee wa chama cha pili, mtetezi wa bwawa, aliugua kifua. Kwa desturi yao, mgonjwa humwomba mpinzani mmoja naye asipige kura, pasiwe na upande uliopunjwa. Gowen alikuwa amempa mkono wiki mbili nyuma, kabla mswada haujaletwa.

"Leo umefungwa mdomo kama ng'ombe wa kupura, Gowen!" seneta aliyeketi jirani yake alimtania.

"Nimejifunga kwa mkono wangu mwenyewe, kaka."

Bawabu akamletea barua. "Ya Mzee Larrabee. Kasema uipate kabla ya kura."

"Ananikumbusha ahadi, mzee huyu! Hata kitandani haniamini." Akaitia mfukoni.

Majina yakaitwa. Lilipofika lake alikaa kimya, ile mikono yake mikubwa imelala magotini, haina kazi. Kumi na tano kwa kumi na nne. Mswada ukapita.

Mitaa mitatu tu kutoka hapo, kwenye chumba walichopanga, Zilpha alikuwa anakoroga maharage. Gowen aliingia akaketi bila kuvua koti.

"Wamemchukua Lovina wetu, mama."

Zilpha akamshika bega. Maharage yakapoa, hakuna aliyeyagusa.

"Haya, nisomee hii. Angalau nisikie asante."

Zilpha akaisoma kwanza kimoyomoyo. Akakawia.

"Vipi, mwandiko mbaya?"

"Wa mgonjwa, baba. Anasema: 'Gowen, wewe ni muungwana. Mungu akulipe.'"

"Basi. Hilo wameniachia." Akajinyoosha kitandani na viatu vyake, usingizi ukamchukua.

Zilpha akaikunjua tena mbele ya jiko, aisome kama ilivyoandikwa: "Gowen, nimesikia leo kwamba mwanao kazikwa bondeni. Nakurudishia ahadi yako. Piga kura." Akaitumbukiza motoni, akangoja iwe majivu, akaja akalala ubavuni pake.